Chuo Kikuu cha Hamburg, na Habari Zake Tangu Mwanzo

Mwezi huu twataka kuwachukua mpaka Ujerumani ya Kaskazini, katika mji wa Hamburg, tuutazame Chuo Kikuu chake pamoja. Huenda mtu akauliza, "Chuo cha watu wa mbali chatuhusu nini sisi?" Jibu letu ni kwamba chuo hiki kina hesabu ya zamani na watu wa pwani yetu. Lugha hii tunayowaandikia ilianza kufundishwa huko hata kabla chuo hakijapewa jina la Chuo Kikuu. Na karibu na mlango wake, kwa miaka zaidi ya arobaini, palikuwa na sanamu iliyotoka Dar es Salaam. Yatupasa kujua sababu ya mambo hayo, hasa ninyi mnaofundisha watoto wa watu.

MJI WENYEWE

Hamburg ni mji wa pili kwa ukubwa katika Ujerumani, baada ya Berlin, na watu wake ni zaidi ya 1,800,000. Haukujengwa juu ya bahari yenyewe, bali juu ya mto Elbe, mwendo wa kilomita zaidi ya 100 kutoka baharini. Lakini mto huo ni mpana na wenye kina, hata merikebu kubwa hupanda nao mpaka bandarini. Katikati ya mji mto mdogo uitwao Alster umezuiwa ukawa ziwa, na kandokando yake watu hutembea jioni. Tangu zamani mji huu ulitawaliwa na baraza la wenyeji wake, wengi wao matajiri wa biashara. Na hata leo Hamburg peke yake huhesabiwa kuwa jimbo zima la Ujerumani.

Watu wa Unguja waliwajua watu wa Hamburg mapema kuliko Wajerumani wengine. Nyumba ya biashara ya O'Swald ilifungua kazi yake Unguja mwaka 1849, ikinunua kauri na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 Hamburg pamoja na miji wenzi wake, Bremen na Lübeck, ilifanya mapatano ya biashara na Sultani wa Unguja. Na Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, aliolewa na mfanyi biashara wa Hamburg aitwaye Rudolph Heinrich Ruete, akakaa mjini humo mpaka mumewe akafa mwaka 1870 na hata baada yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1924, naye amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

MATAJIRI WASIOTAKA CHUO

Sasa, mtu angedhani kwamba mji tajiri namna hii ulikuwa na chuo kikuu tangu zamani. Sivyo. Heidelberg ilipata chuo chake mwaka 1386, na Leipzig mwaka 1409, lakini Hamburg ilikaa miaka zaidi ya 500 baada ya Heidelberg bila kuwa nacho. Shule njema ilikuwako. Mwaka 1529 Johannes Bugenhagen, rafiki wa Martin Luther, aliwaanzishia watu wa mji shule iitwayo Johanneum, nayo ingaliko hata leo. Mwaka 1613 ikaongezwa shule ya juu zaidi, ya kuwaandaa vijana kwa vyuo vikuu vya miji mingine. Lakini wanafunzi wake walizidi kupungua, na mwaka 1883 ikafungwa.

Matajiri hawakuona hasara. Walisema kwamba kijana hujifunza biashara penye hesabu, gatini, na ng'ambo ya bahari, wala si kwa kukaa mbele ya profesa. Tena waliogopa gharama, maana chuo kikuu hula fedha mwaka hata mwaka, wala hakirudishi faida inayoandikwa katika daftari.

Bwana mmoja wa baraza la mji, jina lake Werner von Melle, hakukubaliana nao. Yeye alifanya kazi kwa uvumilivu miaka mingi. Alizidisha masomo ya jioni yaliyokuwa wazi kwa watu wote wa mji, akawaita wataalamu wa kuyafundisha, na kidogo kidogo akawashawishi matajiri wenyewe wafungue mifuko yao. Mwaka 1907 ukawekwa mfuko wa elimu wa mji. Mmoja wa waliotoa fedha nyingi kwa kusudi la chuo alikuwa Alfred Beit, mzaliwa wa Hamburg, aliyepata utajiri wake katika almasi na dhahabu ya Afrika ya Kusini. Mfanyi biashara mwingine, Edmund Siemers, aliujengea mji nyumba kubwa ya masomo yenye kuba, karibu na stesheni ya Dammtor. Ilifunguliwa mwaka 1911. Juu ya mlango wake yaliandikwa maneno ya Kijerumani, maana yake, kwa utafiti, kwa mafundisho, kwa malezi. Nyumba hiyo ndiyo nyumba kuu ya Chuo Kikuu hata leo.

CHUO CHA MAKOLONI

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi. Kabla ya Chuo Kikuu kulikuwa na chuo kingine kilichoitwa Chuo cha Makoloni, nacho kilianzishwa Hamburg mwaka 1908. Angalieni mwaka huo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha punde tu, vita vilivyoanza mwaka 1905 na kuteketeza nchi ya kusini ya Tanganyika. Makisio mengine husema kwamba watu waliokufa, wengi wao kwa njaa, walifika 300,000. Serikali ya Kijerumani iliona kwamba maofisa wake walitawala watu wasiowajua. Basi ikataka maofisa na wafanyi biashara wafundishwe kwanza sheria, mimea, magonjwa, desturi na lugha za nchi walizokwenda. Na mji wa Hamburg, uliotaka chuo, ukajitolea kuwafundisha. Ndivyo jambo lile lililoshindikana kwa ajili ya elimu lilivyopata mlango kwa ajili ya utawala.

Mwaka 1909 aliitwa Carl Meinhof kufundisha lugha za Kiafrika. Huyu alikuwa mchungaji katika kijiji cha Zizow, huko Pomerania. Alikuwa amejifunza Kiduala kwa kijana wa Kameruni aitwaye Njo Dibone, aliyekuja kukaa kwake ili afundishwe Kijerumani. Kila mmoja akawa mwalimu wa mwenziwe. Mwaka 1899 Meinhof alitoa kitabu kikubwa juu ya sauti za lugha za Kibantu, akaonyesha kwamba zimetoka katika shina moja na kwamba sauti zake hubadilika kwa kanuni, si ovyo ovyo. Kisha mwaka 1902 na 1903 alisafiri Unguja na Afrika ya Mashariki kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Huko Hamburg alianzisha jarida la lugha za Kiafrika mwaka 1910, nalo lingali likitolewa, kwa jina la Afrika und Übersee. Katika miaka hiyo hiyo kulifunguliwa chumba cha vyombo vya kupima sauti za wasemaji.

Kazi hiyo ilikuwa na faida kweli. Tenzi za pwani zilipigwa chapa huko. Katika jarida lake Meinhof alitoa Chuo cha Herekali, uitwao pia Utendi wa Tambuka, utungo wa Mwengo bin Athumani wa Pate ambao wengi huuhesabu kuwa wa mwaka 1728. Baadaye akatoa na habari za Liongo. Mwanafunzi wa lugha aliyemfuata, Ernst Dammann, alikwenda Lamu mwaka 1936, akasaidiwa na Mzee Muhamadi Kijuma, mtunzi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri sana. Tenzi alizozipata zilitolewa kitabu Hamburg mwaka 1940. Leo zingine katika hati hizo zimehifadhiwa Ujerumani, na mtaalamu wa Kiswahili hawezi kuzipita.

Lakini yafaa tuseme na upande wa pili. Waafrika waliofundisha lugha zao katika vyuo vya Kijerumani siku zile waliitwa wasaidizi wa lugha, hawakuitwa walimu, ingawa bila vinywa vyao profesa asingekuwa na neno la kuandika. Katika Berlin, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, alifundisha tangu mwaka 1900. Alipomwoa mwanamke Mjerumani na kutaka kurudi naye kwao mwaka 1905, mkewe alikatazwa kushuka Dar es Salaam, wakalazimika kurudi Ulaya. Naye Meinhof, pamoja na masikio yake mazuri, alifundisha kwamba lugha zingine za Afrika na wasemaji wake ni bora kwa asili kuliko wengine. Mafundisho hayo ya Wahamiti yamekwisha kukataliwa na wataalamu, lakini kabla ya kukataliwa yalikwisha kuleta madhara. Mwaka 1933 Meinhof alijiunga na chama cha Hitler. Dammann naye alikuwa mtu wa chama hicho. Basi mtu aweza kuijua lugha ya jirani mpaka silabi ya mwisho, na bado asimpe jirani heshima yake.

MWAKA 1919

Von Melle hakuchoka. Mwaka 1913 shauri la kukifanya Chuo cha Makoloni na masomo mengine kuwa chuo kikuu kamili lililetwa mbele ya baraza la wawakilishi wa mji, likakataliwa. Mwaka uliofuata ikaja vita kuu. Ilipokwisha, mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa imeshindwa, mfalme wake amekimbia, na makoloni yake yamechukuliwa. Vijana walirudi kutoka vitani mikono mitupu, wengi hawana kazi wala njia. Mwezi wa Januari 1919 yalifunguliwa masomo ya juu kwa ajili yao.

Mwezi wa Machi mwaka ule watu wa Hamburg walichagua baraza jipya. Safari hii kila mtu mzima alipiga kura, maskini kwa tajiri, mwanamume kwa mwanamke, na chama cha wafanyi kazi kikapata wingi. Tarehe 28 Machi 1919 baraza hilo lilitoa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu, na katika sheria ile ile likaanzisha shule ya watu wazima, ili na mchukuzi wa bandarini apate kusoma baada ya kazi. Chuo Kikuu kilifunguliwa kwa sherehe tarehe 10 Mei 1919. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Karl Rathgen, na sehemu zake zilikuwa nne: sheria na mambo ya dola, uganga, falsafa, na elimu ya viumbe. Vyuo vikuu vingi vingine vya Ujerumani viliwekwa na wafalme na wakuu wa nchi. Hiki kilikuwa cha kwanza kuwekwa na baraza lililochaguliwa na watu wote. Jambo walilolikataa matajiri katika siku za neema, wafanyi kazi walilikubali katika siku za njaa.

MIAKA MINGI MEMA, ILIYOKUWA MICHACHE

Chuo kipya hakikuwa na sifa ya kale ya kujivunia, kwa hiyo kiliwapokea watu ambao vyuo vya zamani viliwafungia mlango, hasa Wayahudi. Ernst Cassirer, mwanafalsafa, alikuja mwaka wa kwanza; mwaka 1929 akachaguliwa kuwa mkuu wa chuo, yeye Myahudi, jambo lililokuwa karibu halijaonekana katika Ujerumani yote. Erwin Panofsky alifundisha watu kusoma picha za kale kama mtu asomavyo kitabu. Otto Stern alipima nguvu ya sumaku iliyo katika vipande vidogo kabisa vya vitu, na kwa kazi yake akapewa tuzo la Nobel la mwaka 1943. Wolfgang Pauli naye, alipokuwa Hamburg mwaka 1925, alitoa kanuni moja ya elektroni ambayo bila hiyo elimu ya vitu vidogo haiwezi kusimama.

Katika wote hao twapenda kuwasimulia zaidi habari za Bibi Agathe Lasch. Alizaliwa Berlin mwaka 1879. Wakati wa ujana wake vyuo vingi vilikuwa vigumu kumpokea mwanamke, basi alifanya kwanza kazi ya ualimu wa shule, kisha akasoma Heidelberg na kupata shahada ya udaktari. Akafundisha miaka kadhaa Marekani, akaja Hamburg mwaka 1917. Mwaka 1923 akapewa jina la uprofesa, wa kwanza miongoni mwa wanawake katika Hamburg, na mwaka 1926 akapewa kiti chake mwenyewe. Somo lake lilikuwa Kijerumani cha Chini, lugha ya kale ya mabaharia, wavuvi na wakulima wa kaskazini, ambayo watu wenye elimu waliidharau kuwa lugha ya jikoni na gatini. Yeye alituma kuuliza maneno kwa wazee, akayaandika katika vipande vya karatasi, neno moja moja na maana zake, akianza kamusi ya usemi wa Hamburg. Ninyi mliopata kusikia mtoto akichekwa shuleni kwa sababu ya lugha ya mama yake mtafahamu thamani ya kazi hiyo.

MIAKA YA GIZA

Mwezi wa Januari 1933 Hitler alipewa utawala wa Ujerumani. Mwezi wa Aprili ikatoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali, na Chuo Kikuu kikaitii. Yatupasa kusema wazi kwamba hakukutokea upinzani mkubwa. Walimu wenzi walinyamaza. Wengine walifurahi kuona viti vikiwa vitupu. Mwezi wa Mei wanafunzi wenyewe walikusanya vitabu wakavichoma moto kando ya mfereji mmoja wa mji. Cassirer aliondoka, Stern aliondoka, Panofsky akakaa Marekani. Maktaba kubwa ya Aby Warburg, ambayo wanafunzi wa chuo waliitumia kama kisima chao, ilitiwa katika merikebu mwezi wa Desemba 1933 ikapelekwa London, nayo iko huko hata leo. Emil Artin, bingwa wa hesabu, alifukuzwa mwaka 1937 kwa sababu ya kabila la mkewe. Bibi Magdalene Schoch, mwanamke wa kwanza katika Ujerumani kupata mwaka 1932 haki ya kufundisha sheria katika chuo kikuu, hakuwa Myahudi, lakini hakutaka kuwaacha rafiki zake. Naye akaondoka mwaka 1937.

Bibi Lasch alifukuzwa mwaka 1934. Alirudi Berlin kwa dada zake, akaendelea kusoma na kuandika kadiri alivyoweza, mpaka alipokatazwa kuingia maktaba, na vitabu vyake mwenyewe vikachukuliwa. Mwezi wa Agosti 1942 yeye na dada zake walitiwa katika treni wakapelekwa Riga, wakauawa. Kamusi aliyoianza ilifuatwa na wengine, ikakamilika mwaka 2006.

Wako pia wanafunzi wachache waliokataa. Walisoma kwa siri vitabu vilivyokatazwa, wakaeneza karatasi za kundi la Munich liitwalo Waridi Jeupe. Hans Leipelt aliuawa kwa hukumu mwezi wa Januari 1945. Margaretha Rothe, aliyekuwa akisomea uganga, alikufa kwa ugonjwa wa kifungoni mwezi wa Aprili mwaka huo. Reinhold Meyer alikufa gerezani mwaka 1944, na Friedrich Geussenhainer alikufa katika kambi ya mateso mwaka 1945. Majina yao yameandikwa katika bamba lililolazwa sakafuni penye ukumbi mkubwa wa chuo tangu mwaka 1971, hata mtu aingiaye hana budi kuangalia miguu yake.

Mji wenyewe ulipata mavuno yake. Mwezi wa Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliupiga kwa mabomu ya moto, watu zaidi ya 30,000 wakafa, na maktaba ya chuo na mji ikapoteza mamia ya maelfu ya vitabu. Chuo kilifunguliwa tena tarehe 6 Novemba 1945, katikati ya magofu.

SANAMU ILIYOTOKA DAR ES SALAAM

Sasa turudi kwenye ile sanamu. Mwaka 1888 watu wa pwani, na Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wao mmoja, waliinuka juu ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuwatawala. Hermann von Wissmann alitumwa na jeshi akawashinda. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu ya shaba katika Dar es Salaam. Yeye alisimama juu, na chini ya miguu yake askari Mwafrika akimtazama, akimfunika simba mfu kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza walipoichukua nchi waliiondoa sanamu wakaipeleka London kama nyara, na mahali pale, tangu mwaka 1927, husimama Sanamu ya Askari tuijuayo sote. Ile ya Wissmann ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa karibu na nyumba kuu ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Bomu liliiangusha mwaka 1945, ikasimamishwa tena.

Ilipofika mwaka 1967 kizazi kipya cha wanafunzi kilikuwa kimekua, nao walianza kuwauliza wazee, "Ninyi mlifanya nini siku zile?" Wakasoma pia habari za Wissmann, wakaona aibu kupita chini yake kila siku. Wakaivuta kwa kamba, ikaanguka. Wakuu wa mji wakaisimamisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na tangu hapo haikurudi. Mwezi wa Novemba 1967, maprofesa walipoingia ukumbini kwa majoho yao kumpokea mkuu mpya, wanafunzi wawili walitangulia mbele yao wakiwa na kitambaa kilichoandikwa kwamba chini ya majoho mna uvundo wa miaka elfu. Hitler alikuwa ameahidi utawala wa miaka elfu. Kila mtu alifahamu. Profesa mmoja aliwapigia kelele kwamba wote wastahili kutiwa katika kambi ya mateso, naye kwa neno hilo aliwashuhudia kuwa wamesema kweli.

Sanamu ilihifadhiwa ghalani. Mwaka 2004 na 2005 ilionyeshwa bandarini ili watu wa mji wajadiliane juu yake. Sisi twaona jambo hilo ni jema kuliko kuivunja kabisa, maana kitu kilichovunjwa husahauliwa, bali kilicholazwa chini huulizwa maswali.

CHUO KILIVYO LEO

Leo Chuo Kikuu cha Hamburg ni kimoja cha vyuo vikubwa vya Ujerumani. Wanafunzi wake ni kama 40,000, na sehemu zake kubwa ni nane. Nyumba zake zimetawanyika mjini, lakini nyingi ziko penye uwanja uitwao kwa jina la von Melle, karibu na mtaa wa Grindel, uliokuwa mtaa wa Wayahudi. Hapo kuna ukumbi unaochukua watu zaidi ya 1,600, uliofunguliwa mwaka 1959. Hatua chache tu kutoka hapo ni kiwanja tupu ambapo sinagogi kubwa lilisimama mpaka mwaka 1939. Chini yamepangwa mawe kuonyesha mistari ya dari yake. Hospitali ya Eppendorf, iliyo mbali kidogo, ndiyo hospitali ya chuo. Sehemu ya elimu ya dini, ambayo haikuwako mwaka 1919, ilifunguliwa mwaka 1954.

Chuo ni mali ya umma. Ada ya masomo, iliyokuwa imeanza kutozwa mwaka 2007, iliondolewa mwaka 2012. Mwanafunzi hutoa tu mchango wa kila nusu mwaka. Helmut Schmidt, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ujerumani, alisomea uchumi hapo baada ya kurudi vitani. Klaus Hasselmann, aliyeonyesha jinsi ya kutambua kazi ya wanadamu katika kuongezeka kwa joto la dunia, alisoma na kufundisha hapo, akapata tuzo la Nobel mwaka 2021. Mwaka 2019 chuo kilihesabiwa na serikali miongoni mwa vyuo vilivyo bora kabisa nchini.

Na Kiswahili bado kinafundishwa, katika ubavu wa mashariki wa nyumba kuu. Wanafunzi hawafundishwi tena ili wawe maofisa wa koloni. Mji wa Dar es Salaam na mji wa Hamburg ni ndugu kwa mapatano tangu mwaka 2010, na mwaka 2014 wataalamu katika chuo walipewa kazi ya kuchunguza mambo ya ukoloni katika mji wao wenyewe: fedha zilitoka wapi, sanamu zilisimama kwa nini, na majina ya nani hayakuandikwa. Katika nyumba ile ile ya mwaka 1911, kumbi za masomo zimepewa majina ya waliofukuzwa. Kijana akitafuta mahali pa somo lake leo huenda akaambiwa, "Liko katika ukumbi wa Agathe Lasch."

Basi, walimu na wazazi, tumewaeleza habari hizi bila kuficha, kama wenye chuo wenyewe wasivyozificha sasa. Tumeona kwamba fedha ziliweza kujenga kuba, na akili ziliweza kupima sauti na sumaku, lakini siku mwenzao alipofukuzwa, waliokuwa na elimu nyingi walitoka mlangoni wakaenda nyumbani kula. Sisi nasi tuna shule zetu, zingine zimeezekwa kwa makuti, zingine kwa bati. Mtoto anayechekwa, msichana anayeondolewa masomoni, mwalimu mgeni anayesemwa kwa kabila lake, wote hao wako katika shule zetu, mwaka huu. Tukiwafundisha watoto kusoma, tuwafundishe pia kusimama upande wa mwenzi wao siku hiyo inapokuja. Na mfano wautazame kwetu kwanza.